Yah: Rezini ya boti mliyoniuzia kama epoksi, na vipande vyangu mlivyovitupa kwenye dastibini

Kwa Meneja,

Kwa heshima zote, habari za kazi. Barua hii nimeizuia siku nne, maana siku ile ile ningeandika maneno ambayo mtu wa umri wangu hatakiwi kuyaandika, na hata sasa naandika najikaza.

Utaratibu wenu wa kurudisha mzigo mnaujua wenyewe, mmeubandika pale ukutani nyuma ya keshia, siku 7 na risiti, kwahiyo sitaurudia. Nilinunua Ijumaa nikarudi Jumanne. Hesabuni.

Naanza na hiyo Jumanne maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Nilifika saa 5 asubuhi na binti yangu wa mwisho, tumebeba vipande viwili vimefungwa kwenye gazeti, ukubwa wa daftari tu kila kimoja. Kimoja ni stairofomu iliyoliwa na rezini yenu, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, kingine stairofomu ile ile ila imepakwa epoksi, rezini isiyokula stairofomu, niliyonunua duka lingine, kizima kabisa, kigumu kama mbao. Nilitaka mtu avione kwa macho yake basi, sikuja kugombana. Supavaiza wenu wa mauzo hakufungua hata gazeti lote, akachungulia, akasema kwa sauti "mzee wewe sio fundi, haya mambo ya kujenga nyumba juu ya pikapu gerejini kwako nani kakutuma", halafu akavichukua vyote viwili akavitupa kwenye dastibini. Wateja wamejaa. Mwanangu kasimama pembeni yangu.

Sasa turudi kwenye mzigo wenyewe. Kijana wenu wa kaunta nilimwambia kila kitu, tena taratibu. Nikamwambia natengeneza kempa, chumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi ya pikapu ya tani moja, fremu ya mbao nyembamba za msonobari, kuta ni mashiti ya stairofomu nyeupe ya milimita 50, ile ile ya maboksi ya samaki, halafu nje na ndani navisha faiba, nyuzi za kioo zinazoloweshwa rezini zikawa ngumu. Nimechagua hivyo kwa sababu ya uzito, ukijenga kwa plaiwudi nene na chuma gari inachoka kabla hujapakia hata maji ya kunywa. Nikamwambia kwa sababu ni stairofomu nataka EPOKSI, sitaki nyingine yoyote. Akaingia stoo akarudi na ndoo ya kilo 20 haina lebo, akasema "hii ndiyo epoksi mzee, inaenda kwenye kitu chochote", nikalipa laki 7 na 60 elfu, bei ya epoksi, nikapewa na kachupa ka nusu lita ka hadena, dawa ya kuigandisha rezini. Hako kachupa ndiko kangenishtua, kosa langu ni kuwaamini tu. Epoksi hadena yake haiji kwenye kachupa, inapimwa kwa vikombe, 2 kwa 1, 3 kwa 1, kuna mpaka 5 kwa 1. Ile inayowekwa kidogo tu, asilimia 1 au 2, ni ya polista, rezini ya aina nyingine. Na polista ndani yake ina kemikali inaitwa staireni, na staireni inayeyusha stairofomu, hii sio siri, anayeuza rezini akiwa halijui hilo basi auze kitu kingine. Hiyo polista kwenye boti ni nzuri sana, boti za faiba zinajengwa nayo miaka yote, wanaipaka kwenye moldi, sio kwenye stairofomu, hakuna wa kumlaumu. Lakini mimi sikuomba ya boti!

Jumamosi saa 4 asubuhi nikachanganya lita moja na nusu, nimetandika mkeka wa faiba ukuta wote wa kushoto, naanza na brashi, harufu ikawa kali mno, mke wangu akatoa wajukuu nje. Dakika chache tu nikaona nyuma ya brashi panazama. Nikipaka huku kule panashuka, stairofomu ikanywea kama mkate uliomwagiwa chai ya moto, mashimo yakaingia ngumi, mkeka ukabaki unaning'inia kama wavu. Wikiendi 11 za kukata na kunyoosha na kupiga msasa zimekwenda nikiwa nimesimama naangalia.

Na hapa ndipo nataka msome vizuri. Niliwapigia. Saa ile ile, mikono ina rezini, binti yangu kanishikia simu sikioni. Akapokea kijana wenu akasema labda hadena nimeweka chache, "ongeza mzee, jaribu sehemu nyingine". Nikaongeza, nikajaribu ile sehemu ya mbele inayopita juu ya kabini, pale tulipopanga kulala mimi na mama yao, na ile ikachemka kopo likawa la moto halishikiki likaanza kutoa moshi, nikalirusha nje kwenye mchanga, na sehemu ya mbele nayo ikaenda. Kwahiyo ukuta wa kwanza mliuharibu kwa ndoo, wa pili mliuharibu kwa mdomo. Mashiti 5 kati ya 14. Nikapiga tena mkaacha kupokea, nikatuma picha WhatsApp, tiki za bluu zipo, jibu hakuna mpaka leo naandika.

Kuna mtu wenu mmoja, na msiniulize ni nani, aliniambia nikiwa natoka kwamba ile ni polista ya boti na kila mtu stoo anajua. Kila mtu anajua, ila mimi nikadhalilishwa.

Maana nirudi Jumanne tena, sijamaliza. Kile kipande kizima, kilichotoka vizuri, hakuwa amekipaka mtu mzima. Alikipaka binti yangu. Jumatatu jioni alipima mwenyewe vikombe, akachanganya, akapaka bila kuacha kapovu hata kamoja, asubuhi akaenda kukigonga na kucha akacheka, akaandika tarehe pembeni kwa kalamu. Alikuja nacho dukani amekishika mwenyewe kwa sababu alitaka aulizwe. Na supavaiza wenu akamnyang'anya mkononi, maana nilisema akavichukua, ukweli ni kwamba alimnyang'anya, akasema hilo neno lake la nani kakutuma, akatupa kwenye dastibini juu ya maboksi ya juisi na maganda ya ndizi. Watu wawili watatu wakacheka. Na mwanangu, badala ya kulia, akainama akaingiza mkono kwenye takataka zenu mbele ya watu wote, akakitoa kipande chake, akakifuta na sketi ya shule, akaniambia "baba twende". Njia nzima hakuongea. Wikiendi hii nilipomwita gerejini akasema ana homuweki.

Mimi nimeambiwa maneno mengi kwenye kazi maisha yangu yote, hilo la kuitwa sio fundi nalimeza. Hilo la mtoto silimezi.

Nilipokaa kuandika nilitaka kilo 20 za epoksi halisi, yenye lebo ya kiwandani, na hadena yake kamili, yaishe. Lakini nikiandika huku naona haitoshi, kwahiyo ni hivi. Pesa yangu laki 7 na 60 elfu irudi yote. Mashiti 5 ya stairofomu na mkeka wa faiba ulioharibika mlipe, orodha na bei nimeambatanisha. Ndoo yenu mje mchukue wenyewe, sibebi tena. Na supavaiza aje nyumbani, aje gerejini, amwombe radhi binti yangu, yeye sio mimi, mbele ya mama yake. Barua ya radhi iliyopigwa chapa na mhuri siitaki.

Nawapa siku 7, zile zile zenu za ukutani. Zikipita naenda Tume ya Ushindani, FCC, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa na ndoo isiyo na lebo ipo hapa kama ushahidi, na picha, na rekodi ya simu za Jumamosi. Halafu naenda TRA, mamlaka ya kodi, kwa sababu risiti mliyonipa ni ya mkono, sio ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mkasema mashine haina mtandao. Najua na mnunuzi asiyedai risiti ana faini yake. Nitailipa. Nitasimama pale kaunta ya TRA nilipe ya kwangu kwanza halafu niwaonyeshe ya kwenu. Na mafundi wa boti na wa bodi za magari ninaowajua kuanzia Bagamoyo mpaka Kigamboni wote wataona hizo picha, hilo wala sisubiri siku 7, nimeshaanza.

Kempa nitaimaliza. Ukuta wa kushoto nimeshaubomoa nimebakiza fremu. Sehemu ya mbele sijaigusa, nimeiacha na mashimo yake ili supavaiza akija aione.

Namba yangu mnayo kwenye daftari lenu la wateja. Mchana napatikana, na saa 10 jioni binti anakuwa ametoka shule, mje muda huo.

Mteja wenu wa Ijumaa, ndoo ya kilo 20