Risala ya wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, mgombea wa kiti cha Kamishna wa Kazi, Greensboro, North Carolina

Ndugu Mgeni Rasmi, mgombea wa kiti cha Kamishna wa Kazi wa jimbo la North Carolina, waheshimiwa wachungaji, wazee wetu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli nyingi za kampeni ukaja kuketi nasi. Karibu sana. Umoja wetu ulianzishwa na watu wachache, wengi wao Wakongomani waliokulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na leo ni nguzo ya wafanyakazi wa viwanda vya kuku katika ukanda huu. Miongoni mwa mafanikio yetu makubwa ni darasa la Kiingereza la kila Jumamosi, lenye viti kumi na viwili na ubao wake, pamoja na kadi ya mfukoni ya haki za mfanyakazi kwa Kiswahili.

Mgeni Rasmi, uzito wa kiti unachokiomba, kinachosimamia ukaguzi wa usalama kazini, tunaujua. Tarehe 3 Septemba 1991 kiwanda cha kuku cha Hamlet, jimbo hili hili, kiliungua na watu 25 wakafa, baadhi ya milango ya kutokea ikiwa imefungwa. Kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa usalama hata mara moja. Mwaka uliofuata, kamishna aliyekuwepo aliangushwa kwenye kura za mchujo. Tunalitaja hilo kwa heshima zote, maana ombi letu la leo ni moja, nalo linahusu ukaguzi.

Tunaomba mkalimani.

Mkaguzi akifika kiwandani hufanya kikao na mwajiri, huzungukia mashine, kisha ana haki ya kuzungumza na mfanyakazi faraghani. Faragha hiyo ndiyo inayopotea. Kwenye laini ya kukata kuku mtu hushika kisu zamu nzima kwenye baridi, akirudia mkato uleule. Usiku vidole vya mkono wa kisu hufa ganzi, dalili ya mapema kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Mkaguzi huuliza: "Mkono unakufa ganzi usiku?" Anayetafsiri akiwa msimamizi wa laini, swali humfikia mfanyakazi likiwa: "Umechoka?" Naye hujibu: "Kidogo tu." Hilo ndilo linaloandikwa, na kwa jibu hilo hakuna kosa la kumwandikia mwajiri.

Mkalimani wa simu anafaa, ila si pale kwenye laini, ambapo mashine zinanguruma na mtu amevaa vizuia kelele masikioni. Mahojiano yafanyike chumba kimya, msimamizi akiwa mbali. Na mkalimani akijue Kiswahili cha Uvira na Lubumbashi, kilichochanganyika na Kifaransa, si cha vitabuni pekee.

Fomu nazo ziwe kwa Kiswahili. Malalamiko yenye sahihi ya mfanyakazi ndiyo yenye nguvu ya kumleta mkaguzi. Yasiyo na sahihi mara nyingi huishia kwenye barua kwa mwajiri. Nani atatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma? Aliyefukuzwa kwa kulalamika ana siku 180 tu za kufungua shauri, na siku hizo huyoyoma akitafuta wa kumsomea.

Mgeni Rasmi, utuwie radhi kwa hili. Wageni waliokutangulia walisimama hapo uliposimama wakatuahidi mkalimani. Tulipiga makofi, tukapiga picha, tukala wali pamoja. Picha tunazo. Mkalimani hatujampata.

Fedha isiwe kisingizio. Mpango wa usalama kazini wa jimbo hupokea ruzuku ya serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mpokea ruzuku kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Asiyehojiwa kwa lugha anayoielewa amebaguliwa tayari.

Wengi wetu sasa ni raia, na tumejiandikisha kupiga kura.

Katibu atakukabidhi karatasi yenye mistari mitatu: mkalimani kwa kila ukaguzi penye wafanyakazi wetu, chumba cha faragha, na fomu ya Kiswahili. Chini yake pana nafasi ya jina lako, sahihi na tarehe. Tunakuomba uijaze kabla hatujaenda kwenye chakula.

Tunaomba kuwasilisha.