Tuandikieni kilichomo kwa herufi kubwa

Mhariri,

Nimefundisha hesabu miaka 31, na kosa ambalo sikuwa na huruma nalo darasani ni la mwanafunzi kujumlisha kabla ya kusoma swali. Mwezi uliopita kosa hilo nililifanya mimi, tena mwilini mwangu.

Mafua yalinibana: pua imeziba, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Asubuhi, mchana na jioni nilimeza vidonge viwili vya parasetamoli, kila kimoja miligramu 500. Juu yake nikaongeza kapsuli za mafua alizotuletea mkwe wangu kutoka safari, mbilimbili, mara tatu kwa siku. Kabla ya kulala nikakoroga unga wa mafua katika maji ya moto. Nilijiona mtu makini kweli: dawa tatu, kila moja na kazi yake.

Siku ya pili mke wangu alikwenda na maboksi yote matatu kwa mfamasia ili atafutiwe kapsuli kama zile, maana zilikaribia kuisha. Mfamasia akayageuza, akasoma maandishi ya nyuma, akaomba nipigiwe simu. "Mwalimu, hizi zote ni dawa moja."

Kapsuli zilikuwa zimeandikwa asetaminofeni. Kumbe hilo ni jina ambalo Wamarekani wameipa parasetamoli ileile! Kila kapsuli ilikuwa na miligramu 325, na pakiti moja ya ule unga 1,000. Nikashika kalamu: 3,000, na 1,950, na 1,000. Jumla 5,950. Kikomo cha mtu mzima kwa saa 24 ni 4,000, na wapo wanaopaswa kubaki chini ya hapo, kama wenye ini dhaifu, wenye uzito mdogo au wanywaji wa pombe wa kila siku.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nasikia nafuu. Parasetamoli iliyozidi huumiza ini kimyakimya. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi lolote, au apate kichefuchefu akadhani ni mafua tu. Dawa ya kuliokoa ini ipo, ila inataka mtu awahi. Nilikwenda hospitali siku hiyohiyo, damu ikapimwa, ini likakutwa zima. Daktari akanipa na la pili: zile kapsuli zilikuwa na dawa ya kuzibua pua, ambayo inaweza kupandisha presha, nami presha ninayo miaka mingi. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa kwenye boksi. Sikusoma.

Kosa ni langu, sikatai. Lakini watengenezaji nao wanisikilize. Jina la biashara mnaliandika likasomeka kutoka mlangoni, na kilichomo ndani mtu akitafute kwa kioo cha kukuzia? Kiandikeni mbele, kwa herufi zilezile kubwa, kwa lugha anayoisoma mgonjwa.

Aibu hiyo haijapoa, mjukuu wangu wa miaka mitatu akashikwa na mafua yaleyale. Makamasi yalipogeuka kijani, binti yangu akatoa kabatini kapsuli za amoksilini, antibiotiki iliyobaki kwa kaka yake. "Baba, hii sasa ni bakteria." Nikamwambia mimi na kubahatisha dawa tumeshaachana, twende kwa daktari.

Tukaelezwa kwamba rangi ile hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana, na mafua ya virusi vitupu huwa nayo pia. Amoksilini kazi yake ni kumzuia bakteria asijenge ukuta wake. Kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo dawa haina pa kushika. Inachoweza kumwachia mtoto ni kuhara, vipele, na bakteria waliojifunza kuizoea.

Kisha daktari akafanya jambo lililonifurahisha: akahesabu. Mtoto akiwa ametulia kwa mama yake, alimtazama kifua dakika nzima, saa mkononi. Pumzi 28. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 kwa dakika, na wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, hushukiwa nimonia, na hapo antibiotiki huwa na kazi ya kweli wala haifai kucheleweshwa. Akishindwa kunywa au kunyonya, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msikae kuhesabu, mkimbizeni.

Wetu alikohoa siku 17. Daktari alikuwa ametuonya kuwa kikohozi cha mafua kinaweza kufika wiki tatu, ila kungoja huku bibi yake anakuuliza kila jioni "kwa hiyo hampi dawa?" si kazi ndogo. Alipona bila kapsuli hata moja ya amoksilini. Zile zilizobaki binti yangu alizirudisha kwa mfamasia ziteketezwe.

Boksi la mkwe wangu bado ninalo. Nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, kutoka ukingo hadi ukingo: PARASETAMOLI.

Mwalimu mstaafu wa hesabu