Barua ya wazi kwa vijana wetu wa onlaini tivii na mablogu ya siasa hapa Tanga

Wanangu, salaam. Nawaandikia nyie mnaoendesha onlaini tivii na mablogu ya siasa hapa mjini, wa chama tawala na wa upinzani wote, maana ugonjwa wenu ni mmoja. Nilikuwa mwandishi wa mkoani enzi za kupeleka habari Dar kwa basi, picha ndani ya bahasha, na wengi wenu mnaniita babu tukikutana Ngamiani, kwahiyo naongea kama babu na mnivumilie nikikaza sauti.

Sina ugomvi na mtu kuwa na upande. Gazeti la Uhuru tangu 1961 lilikuwa la TANU, baadaye la CCM, na halikujificha, ukilinunua unajua unasoma cha nani. Na hata lenyewe halikuachiwa, Agosti 2021 liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025, serikali ikasema habari ni ya uongo ikalifungia siku 14 na chama chenyewe kikawasimamisha wakubwa wa gazeti. Gazeti la chama kumkosea maneno mwenyekiti wa chama! Sasa kama hilo lenye wahariri wake limefika hapo, wewe unayeposti peke yako saa sita ya usiku uko kitandani, nani anakusomea kabla haijatoka?

Kinachoniuma ni upande unaofichwa. Mnajiita chombo huru alafu mheshimiwa ndo kalipia bando, kalipia mafuta ya pikipiki, na mkutano ukiisha kuna bahasha, msomaji haambiwi hata moja. Hapo ndo watu wanawaita machawa na nyie mnanuna. Andika tu chini ya habari, safari hii nimegharamiwa na ofisi ya fulani, mstari mmoja unatosha. Wapo watakaowakimbia, ila watakaobaki watajua wawapime vipi. Na leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, msiniletee kama hoja, hiyo inakuruhusu kurusha, kuaminika utakutafuta mwenyewe.

Lililonifanya nishike simu niandike ni ile klipu ya kikao cha Makorora. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa pili. Diwani alisema, "Sitaki kuona mama ntilie barabarani wananyeshewa wakati eneo lipo, wapewe meza zao wahamie." Mkakata mkabakiza "Sitaki kuona mama ntilie barabarani", mkaweka muziki wa huzuni na maandishi mekundu kwamba diwani kawafukuza. Kesho yake yule mama wa viazi karai wa barabara ya 12 hakutoka, kaogopa mgambo, na viazi alikuwa keshamenya keshachemsha. Alafu wa upande wa pili nao wakaposti kwamba kalipwa na wapinzani ajilize! Si hawa wala wale, hakuna aliyempigia mama, hakuna aliyempigia diwani, na namba ya diwani imebandikwa mlangoni ofisi ya kata.

Msione ni vitu vidogo. Hapa hapa kwetu Arusha, Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi ya vyombo vya habari vya Rwanda, wawili wa redio RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura, kwa uchochezi wa mauaji ya 1994. Sisemi mko huko, Mungu apishie mbali. Ila ile redio ilikuwa na muziki mzuri na utani, vijana waliipenda, na katikati ya huo utani ndo watu walikuwa wanazoeshwa kumuona jirani si mtu. Nikisoma mnavyoitana kwenye magrupu kipindi cha uchaguzi, wallahi silali.

Kwahiyo naomba hivi, unayemsema mpigie kwanza, asipopokea andika kwamba hakupokea na ulimpigia saa ngapi. Ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea na kwa maandishi makubwa yale yale, sio kufuta kimyakimya.

Na ile klipu bado ipo hewani mpaka leo. Mwenye nayo aitoe au aweke kikao kizima, ninacho kwenye simu ya mjukuu wangu, nipigieni niwarushie, alafu mpite barabara ya 12 mkamwambie yule mama hajafukuzwa na mtu.