Mawe ya kale yaachwe yalipo

Mhariri,

Majuzi niliwapeleka wanafunzi wangu Olorgesailie, eneo la zana za mawe za watu wa kale kando ya barabara ya Magadi. Mwongozaji alimpa mmoja wao shoka la jiwe alishike: zito, lenye umbo la chozi, makali pande zote mbili, na makovu ya kila pigo la fundi wake bado yanaonekana. Darasa zima lilinyamaza.

Tukirejea tukakutana na mgeni aliyejaza mawe ya bondeni mfukoni, eti zawadi kwa nduguze. Hakuwa na nia mbaya, lakini iliniuma. Jiwe likishang'olewa mahali pake haliwezi tena kusema lolote. Ili kujua umri wake, watafiti hupima majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake, kwa gesi ya argoni iliyojikusanya ndani ya chembe za majivu hayo. Ndivyo fuvu la kale alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1959 lilivyojulikana kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 hivi.

Mwaka 1984 marehemu Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliona kando ya Ziwa Turkana kipande cha mfupa kidogo kama kiberiti, rangi moja na changarawe. Kikatupa kiunzi karibu kizima cha mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Je, kama mpita njia angekuwa amekiokota?

Sheria ya turathi ya 2006 ipo. Naomba mabango yawekwe, kwa Kiswahili na Kimaasai, kabla ya mvua kufukua mengine.

Mwalimu,
Kajiado