Kabla ya kuhesabu watoto wanene, urefu upimwe

Mhariri,

Tunaunga mkono wazo la kutumia taarifa za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta za hospitali kujua ni watoto wangapi wana unene uliokithiri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto hufanyika kila baada ya miaka kadhaa, na kwa watoto hupima walio chini ya miaka 5. Mwanafunzi wa darasa la tatu hayumo.

Ila tuanze na urefu. Uzito huingizwa bila shida; urefu huachwa, au hunakiliwa wa safari iliyopita ili mfumo ukubali kuendelea. Uzito kwa umri peke yake hautofautishi mtoto mrefu na mnene, na urefu wa zamani ni mbaya zaidi. Mvulana aliyetimiza miaka 6, kilo 26, sentimita 120, ana BMI (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 18.1: uzito umezidi tu, si unene uliokithiri. Bakiza sentimita 114 za mwaka jana, BMI inafika 20, na kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2007 ameshavuka 18.5, mpaka wa unene uliokithiri. Mfumo hautoi onyo kwa sababu namba zote ni za kawaida. Dalili ni urefu uleule kujirudia miezi 6 au zaidi. Kipimo hicho kisihesabiwe. Watengenezaji wa mifumo waruhusu nafasi ya urefu ibaki wazi, na kila urefu uwe na tarehe yake ya kupimwa.

Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe kamili. Mfumo ukiwa na umri wa miaka tu, hujikisia tarehe, na watoto wengi "huzaliwa" Januari 1. Vipimo visivyo vya kawaida vikaguliwe kwanza, visifutwe kwa mkupuo, maana humo wamo watoto wanene kweli. Aliyehudhuria mara nne ahesabiwe mara moja kwa mwaka.

Hata hapo, asilimia inayopatikana ni ya waliofika hospitali. Chanjo za utotoni zikiisha, mtoto huletwa akiugua, na wa mjini huletwa zaidi. Takwimu zirekebishwe kwa umri, jinsia na wilaya kufuata Sensa ya 2022, kisha zilinganishwe na vipimo vya wanafunzi wa shule chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakiwa wamevua viatu, urefu ukisomwa hadi milimita.

Wachambuzi wa takwimu za afya,
Dodoma