Barua ya wazi kwa binamu yangu anayesema Star Trek iliisha 1994

Binamu,

Huku nyumbani wote hawajambo, isipokuwa magoti ya wazee. Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe ulinisema hadharani. Uliandika kwenye grupu la familia, saa tano usiku, mbele ya mashangazi, kwamba "Star Trek iliisha 1994, yaliyobaki ni makapi." Hukutaja jina, lakini jiwe la gizani kila mtu alijua limempata nani. Shangazi akatia kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Hilo bado linaniuma.

Katika Star Trek, zile tamthilia za runinga za safari za anga, hiyo uliyoizika 1994 ni The Next Generation, ya Nahodha Picard. Sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba umeisahau nasaba. Hiyo nayo ni chipukizi, tamthilia iliyozaliwa na nyingine. Shina ni ile ya Gene Roddenberry ya 1966, iliyokwenda misimu mitatu na episodi 79, ikafutwa 1969. Hata msimu wa tatu ulipatikana baada ya mashabiki kuwaandikia wakubwa wa kituo cha runinga cha NBC barua kwa wingi wa kuchosha. Chipukizi lilipotoka 1987, baadhi ya watu hao hao walilikataa. Nahodha gani huyu mwenye upara, Mfaransa anayeongea kama mwalimu wa Uingereza, anayeitisha kikao kabla ya kufyatua risasi? Wangekuwa na grupu la familia, wangeandika maneno yako herufi kwa herufi. Na walikuwa na hoja, maana misimu miwili ya mwanzo kuna episodi ambazo hata mimi sikushauri uzitazame ukiwa na mgeni.

Sisi hatukuyaona hayo. Tulichoona ni kile kilichofika kwenye begi la mjomba kutoka Dubai, kanda tano au sita kwa mwaka, zimechanganyika na mieleka. Unaikumbuka deki ya bibi, iliyokuwa haimezi kanda mpaka uisukume kwa kijiti? Kwenye deki ile ndipo tulipoona mwisho wa msimu wa tatu, ile episodi ya 1990. Waborg, viumbe nusu mtu nusu chuma, wamemteka Picard na kumgeuza msemaji wao. Msaidizi wake Riker anamtazama kwenye kioo, anatoa amri ya kufyatua. Giza. Itaendelea.

Wamarekani walisubiri miezi ya kiangazi tu. Sisi tulisubiri hadi mjomba arudi, na kanda ya pili ilipofika, kuna mtu (unamjua, bado tunakaa naye meza moja sikukuu) alikuwa amerekodia harusi juu yake. Tuliitazama harusi nzima tukiwa na matumaini. Ngoma, keki, wazee wakishindana na sinia la pilau. Bi harusi alipoingia garini ndipo zikajitokeza dakika kama tatu zilizonusurika. Picard amerudi kwenye chombo chake, amesimama dirishani, uso umemchoka, anatazama nje wala hasemi neno. Kisha chenga. Ukanigeukia ukauliza: "Sasa huyu amepona au hajapona?"

Swali hilo sijalisahau. Ninachokwambia leo ni kwamba tamthilia unayoipenda haikulijibu, na kipindi unachokiita makapi kilianzia hapo hapo.

Nisiionee. Kuna episodi iliyofuata, inaitwa Family, Picard anakwenda kwa kaka yake Ufaransa kwenye shamba la mizabibu, wanapigana kwenye tope mpaka nahodha mzima analia kama mtoto. Nzuri sana. Lakini wiki iliyofuata chombo kinang'aa, zulia safi, sayari mpya, na isipokuwa mara chache hapo mbele, yamekwisha. Ndivyo ilivyojengwa. Unawasili, unatatua, unaondoka, na waliobaki na vifusi ni shauri yao.

Sasa fungua chipukizi lililofuata, Deep Space Nine, Januari 1993. Roddenberry ameshafariki mwaka mmoja na ushei. Sekunde za kwanza kabisa tuko kwenye vita vya Wolf 359, vile ambavyo Waborg walivishinda wakitumia akili ya Picard. Hata kama kanda yetu isingeharibiwa, ungeona mabaki tu yakielea. Vyombo 39 viliteketea, watu karibu 11,000. Hapa tunaingizwa ndani ya kimoja wapo. Kuna afisa anaitwa Benjamin Sisko. Uso wa Picard uko kwenye kioo, unawaambia wajisalimishe. Dakika chache baadaye Sisko anamkuta mkewe chini ya vyuma, amekwisha kufa, na wenzake wanambeba kwa nguvu pamoja na mwanawe kabla chombo hakijalipuka. Miaka mitatu inapita, Sisko anapewa kituo kipya, na anayemkaribisha ni Picard. Picard anasema kitu cha adabu. Sisko anamjibu kwamba wameshawahi kuonana. Vitani.

Urudie uso wa Picard hapo, binamu. Umesubiri jibu lako tangu enzi za deki. Hajapona, na mbele yake amesimama mtu ambaye naye hajapona kwa sababu yake. Tamthilia mpya imefungua mdomo kwa mara ya kwanza, na neno lake la kwanza ni kumshtaki shujaa wa tamthilia iliyoizaa. Sijaona chipukizi jingine lenye ujasiri huo.

Halafu hawaondoki! Najua ndicho kilichokukera, ulisema "kipindi cha safari za anga ambamo hakuna anayesafiri." Ni kweli, kituo kinabaki kwenye anga la sayari ya Bajor kwa misimu saba, episodi 176. Ndiyo raha yake. Bajor ilitawaliwa na Wacardassia kama miaka 50. Bendera imeshushwa, wakoloni wameondoka na kila kilichong'oka, kuna serikali ya muda inayogombana yenyewe kwa yenyewe, na waliopigana msituni sasa wanatakiwa kujaza fomu. Mimi na wewe hadithi hiyo tumeisikia barazani kabla hatujajua kusoma. Siamini kwamba haikugusi. Naamini uliacha kwenye episodi ya tatu.

Kwa hiyo nakuomba moja tu, Duet, ya msimu wa kwanza. Mcardassia mzee anafika kituoni akiwa mgonjwa, na ugonjwa wake waliuugua wale tu waliokuwa kwenye kambi moja ya kazi za sulubu, Gallitep. Meja Kira, Mbajor aliyepigania uhuru tangu utotoni, anamtia ndani. Mzee anasema yeye alikuwa karani wa faili tu. Baadaye anabadilika, anajigamba kuwa yeye ndiye mkuu wa kambi, mchinjaji mwenyewe, na anasimulia mauaji kwa ufasaha wa kutia kichefuchefu. Karibu yote ni watu wawili na chumba cha mahabusu. Hakuna kombora, hakuna zimwi. Kisha Kira anagundua kwamba alikuwa karani kweli. Usiku alikuwa akiziba masikio ili asisikie vilio. Amejibadilisha sura, amekuja kwa hiari yake ahukumiwe kwa jina la bosi wake aliyekwisha kufa, ili Cardassia ilazimike kukiri. Kira, aliyekuwa anataka kichwa chake, anamwachia huru. Wanatembea sokoni, Mbajor mmoja anatoka kwenye watu na kumchoma kisu mgongoni. Kira anauliza kwa nini, alikuwa si yeye. Muuaji anasema ni Mcardassia, inatosha. Kira anasema haitoshi. Basi. Inaishia hapo.

Mara ya kwanza nilizima runinga nikatoka nje kusimama tu. (Daktari wa kituo, kwa taarifa yako, anaigizwa na mzaliwa wa Sudan, Alexander Siddig, ambaye misimu ya mwanzo aliandikwa kwa jina lake la Siddig El Fadil. Bibi alifurahi sana kuona jina hilo likipita kwenye kioo. Ndicho kitu pekee cha Star Trek alichowahi kukisifu.)

Mengine nakupa, sina ubishi. Kwenye tamthilia ya Voyager walitupwa mbali, safari ya miaka 75 kurudi nyumbani, na baadhi ya mabaharia ni waasi. Mtu anategemea njaa, ugomvi, viraka. Haikupita muda waasi wamevaa sare na chombo kinameremeta kila wiki. Mwanzoni waliambiwa wana makombora 38 na hakuna pa kupata mengine. Mashabiki wenye subira kuliko mimi waliyahesabu, yakapita 38 kwa mbali. Enterprise ya 2001 ilianza kuchangamka msimu wa nne, ikafutwa, na episodi yake ya mwisho ikageuzwa mchezo anaoutazama Riker wa tamthilia yako. Waigizaji wamefanya kazi miaka minne, halafu kwenye mazishi yao anakuja mgeni na kukaa kiti cha mbele. Discovery ina Michael Burnham, nampenda, lakini wanalia mno, na pale walipotueleza kwamba karibu vyombo vyote vya kasi katika galaksi vililipuka kwa sababu ya kilio cha mtoto mmoja, niliguna kwa sauti. Section 31, ile filamu ya 2025, tusiitaje. Lower Decks ni katuni, najua hutazami katuni, lakini ni ya wadogo wa kazini ambao chombo chao hutumwa baada ya wakubwa kuondoka, kwenda kumalizia makaratasi. Kwa mtu wa ofisi kama wewe ingekuwa tiba.

Tunapoachana kabisa ni kwenye tamthilia ya Picard, msimu wa tatu, 2023. Ulinipigia simu saa saba usiku ukiwa na kwikwi: wamerudi wote, meza ya karata, chombo cha zamani, taa zile zile. Mimi pia nililia, sikufichi. Asubuhi nikajiuliza nimelilia nini, nikakuta nimelilia deki ya bibi. Walitupa kumbukumbu zetu wenyewe zikiwa zimepashwa moto. Zilikuwa tamu. Lakini hakuna aliyemuuliza yule mzee swali lolote ambalo hajalizoea.

Kuna deni jingine ambalo shina liliacha, na hili linatuhusu sisi kuliko Wamarekani. Uhura, afisa wa mawasiliano kwenye shina. Jina limechongwa kutoka uhuru, hilo kila mtu analijua. Je, unajua kwamba Kiswahili kilisikika kwenye episodi ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966? Na unajua aliyemsemesha ni nani? Ni zimwi! Kiumbe kinachofyonza chumvi mwilini mwa watu, kimejigeuza kijana mtanashati, kinamfuata koridoni na kumtongoza kwa lugha ya kwao. Mwaka uliofuata mashine moja ikamfuta kumbukumbu zote, wakamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na alipokasirika kilichomtoka ni Kiswahili. Zimwi na hasira, ndizo nafasi tulizopewa. Katika episodi 79 hakuna hata mtu mmoja aliyelitamka jina lake la kwanza. Nyota, jina linalojulikana kwa kila mtoto wa Pwani, lilitamkwa kwenye kioo kwa mara ya kwanza 2009, kwenye filamu.

Tamthilia ya Strange New Worlds, kuanzia 2022, imelilipa sehemu ya deni hilo. Uhura ni kadeti, anatoka Kenya, anajua lugha 37, wazazi na kaka yake wamekufa kwenye ajali, na hana hakika kama kazi hii anaitaka au anakimbia msiba. Celia Rose Gooding anamwigiza kama mtu unayeweza kukaa naye kwenye daladala. Na daktari M'Benga, yule aliyepita kwenye episodi mbili tu enzi za shina, hapa amepewa mtoto. Mtoto anaumwa ugonjwa usio na dawa, baba anamficha ndani ya kumbukumbu ya mtambo wa kusafirishia watu, na humtoa kwa dakika chache tu amsomee hadithi, kisha anamrudisha. Jina la mtoto ni Rukiya. Nilisimamisha nikamwita mama jikoni aje asikilize. Akasikiliza, akauliza huyo Rukiya wa kwa nani.

Basi. Duet, dakika 45, kisha unijibu kwenye grupu lile lile, mbele ya mashangazi wale wale.

Kanda ya harusi bado ninayo. Mwaka jana niliipeleka kwa fundi akaihamishia kwenye kompyuta, na picha imetoka safi kuliko nilivyotegemea, hata nzi wa kwenye pilau wanaonekana. Bi harusi amesikia, ameniomba nakala, na amesema nimkatie zile dakika tatu za mwisho za mzungu aliyesimama dirishani. Nimemwambia hazikatiki.

Binamu yako