Tuchunguze aina za virusi vya rota zinazowaharisha watoto wa Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wazazi wa mkoa huu wenye watoto wadogo. Katika kliniki za Ujiji na vijiji vya mwambao wa ziwa husikika akina mama wakilalamika kwamba mtoto alipewa matone ya chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, akiwa na wiki 6 na tena akiwa na wiki 10, kadi inaonyesha hivyo, lakini bado ameharisha na kutapika mpaka macho yakadidimia. Wengine huhitimisha kuwa chanjo ni maji matupu, na wengine, kwa mazoea ya siku nyingi, husema mtoto anaota meno. Kauli zote mbili ni hatari, kwa kuwa ya kwanza humzuia mama kumpeleka mtoto anayefuata kwenye chanjo, na ya pili humweka nyumbani wakati mwanawe anapungukiwa maji mwilini.

Virusi vya rota ni jamii yenye aina nyingi. Wataalamu huzitenganisha kwa protini mbili za ganda la nje, moja ikipewa herufi G na nyingine P, ndiyo maana tunasoma majina kama G1P[8], G2P[4] na G12P[8]. Barani Afrika huonekana pia G8 na P[6], ambazo Ulaya ni nadra. Vinasaba vyake vimegawanyika katika vipande 11, na aina mbili zikiingia katika seli moja ya utumbo, vipande hivyo huweza kuchanganyika kama karata za pakiti mbili, kikatoka kirusi chenye mpangilio mpya. Hata virusi vya ng'ombe na nguruwe huweza kuchangia vipande.

Rotarix, chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013, ilitengenezwa kutokana na kirusi cha G1P[8]. Hulinda pia dhidi ya aina nyingine, hasa kwa kuzuia ugonjwa usifikie ukali wa kuua, lakini nguvu yake hutofautiana. Katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ilipunguza ugonjwa mkali wa rota kwa takribani asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 kwa jirani zetu wa Malawi, ambako aina zilizokuwa zikizunguka zilikuwa nyingi zaidi. Sidai kwamba aina peke yake ndiyo sababu, maana lishe, maradhi mengine ya tumbo na kinga anayopata mtoto kwa mama huhusika pia. Na asiyeamini chanjo azingatie hili: kwa kuwa Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, waliokingwa na ugonjwa mkali walikuwa wengi kuliko Afrika Kusini.

Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa iko Kongo. Maboti, reli na kambi za wakimbizi kama Nyarugusu huwakutanisha watu wa nchi kadhaa, na kirusi husafiri nao. Zahanati humtibu mtoto kwa ORS, yaani dawa ya kunywa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na vidonge vya zinki bila kujali aina ya kirusi, na kwa mgonjwa mmoja hiyo ni sahihi kabisa. Lakini choo cha mtoto kisipochukuliwa kupimwa, hakuna atakayeweza kumweleza mama kwa ushahidi kwa nini mwanawe aliyechanjwa ameugua.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya na uongozi wa mkoa waweke utaratibu wa kudumu: hospitali zilizochaguliwa, mojawapo ikiwa karibu na kambi, zichukue sampuli kwa watoto wa chini ya miaka 5 wanaolazwa kwa kuharisha, ziandike tarehe za chanjo kutoka kwenye kadi, zihifadhi sampuli kwenye ubaridi na kuzipeleka kwenye maabara yenye uwezo wa kutambua aina. Si lazima apimwe kila mtoto. Lililo lazima ni majibu kurudi kliniki, kwa maneno ambayo muuguzi anaweza kumsomea mama akaelewa.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma